Simu ya mkononi: Hatari ya chaja iko karibu kuliko ya mnara

WAKAZI wa Gendabi, kata iliyo chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, kama walivyo Watanzania wengine, huitegemea simu ya mkononi kutuma fedha, kuulizia bei za mazao na kuomba msaada yanapotokea maafa, kama maporomoko ya tope yaliyoikumba Wilaya ya Hanang Desemba 3, 2023.

Pamoja na umuhimu huo, mijini na vijijini ipo hofu kwamba minara ya simu huleta saratani. Hofu hiyo huwasahaulisha wengi hatari iliyo karibu zaidi, yaani chaja na betri.

Mawimbi ya redio

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Tofauti na eksirei, mawimbi hayo hayana nguvu ya kuharibu chembe za urithi moja kwa moja. Athari yake iliyothibitika ni kuupasha mwili joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa ili joto hilo lisifikie kiasi cha kudhuru.

Mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi finyu. Hata hivyo, mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Simu huongeza nguvu mtandao unapokuwa hafifu. Hivyo, mtu aliye mbali na mnara, au aliyekingwa na mlima, hupata mawimbi mengi zaidi kutoka katika simu iliyo sikioni mwake. Anayetaka kuyapunguza asogee penye mtandao mzuri, atumie spika au aandike ujumbe.

Chaja na betri

Umeme wa majumbani nchini ni volti 230, wakati chaja ya kawaida hutoa volti 5. Chaja duni ikishindwa kuzitenganisha pande hizo mbili, umeme mkubwa unaweza kumfikia mtumiaji.

Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kutumia namba ya utambulisho ya kila simu. Chaja haina namba hiyo, hivyo ulinzi wake unabaki kwa mnunuzi. Mwaka huohuo, Samsung iliondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kuwaka moto.

Mtumiaji anashauriwa:

- Asichaji simu chini ya mto au juu ya godoro, kwani joto hukosa pa kutokea.
- Asiishike simu inayochajiwa akiwa na mikono iliyolowa, wala kuichajia bafuni.
- Aache kutumia chaja yenye waya uliochubuka au inayopata joto kupita kiasi.
- Betri ikivimba, asiitoboe wala kuichaji tena.
- Chaja ikishika moto, akate umeme kwanza, asimwagie maji.