Afya ya Mwenza Asiye na VVU katika Utafiti wa Dawa Kinga

Katika utafiti wa kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI (VVU), mwenza asiye na maambukizi huchunguzwa afya yake kabla ya kupewa dawa. Yeye si mgonjwa anayetafuta tiba, hivyo dawa inayokusudiwa kumkinga haipaswi kumdhuru.

Mfano ni utafiti wa Partners PrEP, ulioanza mwaka 2008 katika vituo 9 vya Kenya na Uganda, vikiwemo Kisumu, Thika, Kampala na Tororo. Ulifuatilia jozi 4,747 za wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Asiye na VVU alipewa kidonge cha kila siku: tenofoviri pekee, tenofoviri pamoja na emtrisitabini, au kidonge kisicho na dawa.

Uchunguzi wa awali ulizingatia mambo manne. Kwanza, kipimo cha VVU, kwa kuwa anayetumia dawa kinga ilhali ameambukizwa anaweza kupata virusi sugu. Pili, utendaji wa figo, kwani tenofoviri hutolewa mwilini kupitia figo. Tatu, homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hizo hufubaza pia virusi vyake, na kuziacha ghafla kunaweza kuamsha ugonjwa. Nne, ujauzito na unyonyeshaji. Wanawake wenye hali hizo hawakuandikishwa.

Baada ya hapo, washiriki walipimwa VVU kila mwezi. Kwa kuwa malaria na maradhi mengine huwapata watu hata wasiotumia dawa, madhara yalipimwa kwa kulinganisha makundi yote matatu.

Mwezi Julai 2011, kidonge kisicho na dawa kilisitishwa baada ya manufaa kudhihirika. Maambukizi mapya yalikuwa 52 katika kundi hilo, 17 kwa waliotumia tenofoviri na 13 kwa waliotumia dawa mbili, sawa na upungufu wa asilimia 67 na 75. Matukio makubwa ya kiafya hayakutofautiana sana baina ya makundi.

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa kinga kwa watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Mwananchi anayekusudia kuitumia anapaswa kupima VVU kwanza, kumweleza mtoa huduma historia ya figo na ini lake, na kutoianza wala kuiacha bila ushauri wa kitaalamu.