Kupata Nakala za Kumbukumbu za Mahakama: Mwongozo kwa Waamini

Ofisi za parokia zetu hupokea waamini wa aina tatu ambao shida zao, ingawa hazifanani, huwafikisha kwenye mlango mmoja. Yuko anayetaka kufunga ndoa Kanisani, na huku ndoa yake ya awali ilivunjwa na mahakama ya Serikali miaka mingi iliyopita. Yuko mjane aliyepoteza barua ya usimamizi wa mirathi, na sasa shemeji zake wanasema kiwanja hakikuwa cha marehemu. Ipo pia familia iliyosikia tangu zamani kwamba babu alishinda kesi ya shamba wakati wa Mwingereza, lakini hakuna aliye hai aliyewahi kuiona karatasi yenyewe. Wote watatu wanahitaji nakala ya kumbukumbu za mahakama, na wengi wao hukata tamaa mapema kwa sababu hawajui waanzie wapi.

Tuanze na jina la kitu kinachoombwa, maana hapo ndipo safari nyingi hupotea. Jalada la shauri hubeba nyaraka mbalimbali. Hukumu hueleza sababu za uamuzi. Tuzo, au amri, ni karatasi fupi inayotaja kile mahakama ilichoamuru. Mwenendo wa shauri ni maandishi ya yale yaliyosemwa mbele ya hakimu siku kwa siku, na ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Anayeomba “karatasi za kesi” bila kufafanua huenda akapewa tuzo pekee, kisha akalazimika kurudi tena kwa nauli ileile.

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni masijala ya mahakama iliyosikiliza shauri, hata kama limepita zamani. Ikiwa uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ulikatiwa rufani, jalada liliitwa Mahakama ya Wilaya, na pengine likapanda hadi Mahakama Kuu. Si ajabu kulikuta huko juu lilikoishia. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure katika tovuti ya TanzLII, ingawa nakala ya mtandaoni haina muhuri. Kumbukumbu zilizokwisha kutumika na zenye thamani ya kudumu huhamishiwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo hifadhi yake ya siku nyingi iko Upanga, Dar es Salaam. Kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji, kwa kawaida, baada ya kutimiza miaka 30. Zanzibar ina mhimili wake wa mahakama na nyaraka zake, zinazotunzwa Kilimani, mjini Unguja.

Ombi liwe la maandishi. Liandikiwe Hakimu Mfawidhi au Msajili, au Mkurugenzi wa Idara ikiwa jalada limekwisha kuhamishwa. Litaje mahakama, namba ya shauri na mwaka wake, majina ya wahusika kama yalivyoandikwa wakati ule, nyaraka zinazohitajika, na uhusiano wa mwombaji na shauri hilo. Kuhusu majina tunasisitiza. Mwanamke aliyeshitakiwa kwa jina la baba yake hataonekana kwa jina la mume; na Mkristo aliyebatizwa ukubwani anaweza kuwa katika daftari la mahakama kwa jina lake la asili tu. Asiye na namba ya shauri aombe daftari la mashauri la mwaka husika likaguliwe, akitaja mwezi anaoukumbuka. Cheti cha ndoa, stakabadhi ya zamani ya ada au samansi iliyosahauliwa sandukuni mara nyingi huwa na namba hiyo.

Mwombaji abaki na nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa anayekusudia kukata rufani jambo hili ni zito, kwa kuwa Sheria ya Ukomo (Sura ya 89) haihesabu siku zilizohitajika kupata nakala ya uamuzi unaolalamikiwa. Asiye na ushahidi wa siku aliyoomba atapata taabu kueleza kuchelewa kwake.

Nakala itakayopokelewa kama ushahidi ni ile iliyothibitishwa: chini yake afisa anayeitunza huandika kwamba ni nakala halisi, akaweka tarehe, jina, cheo, sahihi na muhuri. Tusiridhike na fotokopi tupu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi hutolewa. Fedha inayoombwa mkononi ili “jalada lionekane” si ada, na mwamini anayeitoa anashiriki kosa hata kama moyo wake unauma.

Sasa turudi kwa mwamini wetu wa kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huiruhusu mahakama kutoa talaka ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Talaka hiyo haimpi mtu uhuru wa kuoa au kuolewa tena Kanisani. Kifungo cha ndoa huendelea mpaka Mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa haikuwa halali tangu mwanzo, au mmoja afariki, au Kanisa lenyewe lifungue kifungo hicho katika hali chache linazozitambua. Basi kwa nini karatasi hizo ziombwe? Kwanza, tangu hati ya Baba Mtakatifu Fransisko ya mwaka 2015, *Mitis Iudex Dominus Iesus*, kanuni ya 1675 humtaka hakimu, kabla ya kupokea shauri, awe na hakika kwamba ndoa imevunjika bila matumaini ya kurejeshwa. Pili, kanuni ya 1071 inataka kibali cha Askofu kabla ya kufungisha ndoa ya mtu mwenye wajibu wa kiasili kwa mwenzi au watoto wa muungano wa awali, na amri ya matunzo imo ndani ya jalada. Kwa maoni yetu, mwenendo wa shauri una faida kuliko tuzo: humo mna maneno ya wenzi wenyewe, yaliyosemwa karibu zaidi na matukio kuliko kumbukumbu za leo.

Familia ya babu inahitaji ramani nyingine. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufani ilikwenda kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo. Kwa hiyo kesi ya shamba ya mwaka 1938 itafutwe katika mafaili ya wilaya na ya jimbo (la kiserikali, si la Kanisa), wala si katika daftari za Mahakama Kuu. Utaratibu wa mahakama kutenganishwa namna hiyo ulikoma baada ya uhuru, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Nyaraka za enzi ya Wajerumani nazo zipo Dar es Salaam, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Anayezitaka aende na mtu anayesoma mwandiko wa Kijerumani cha kale.

Jalada lisipopatikana, mwombaji asiondoke mikono mitupu. Aombe barua rasmi inayosema kwamba limetafutwa na halikuonekana, ikitaja daftari zilizokaguliwa. Mjane ataipeleka mahakamani anapoomba maelekezo kuhusu usimamizi wake. Katika shauri la ndoa, barua hiyo huambatanishwa na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, chenye maandishi ya pembeni yanayodaiwa na kanuni ya 535, pamoja na majina ya mashahidi wawili au watatu walioijua nyumba hiyo. Bahasha hiyo ikabidhiwe kwa Paroko, naye ataifikisha Mahakama ya Kanisa ya Jimbo.