Deni la Hakika, Mshahara wa Masharti

Januari 2012, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois, Lisa Madigan, alikishtaki Westwood College, chuo cha kibiashara kilichokuwa na matawi Chicago na vitongoji vyake. Kesi ilihusu shahada ya haki jinai. Vijana walikuwa wameahidiwa kazi ya polisi, wakakopa makumi ya maelfu ya dola. Walipopeleka maombi, wakaambiwa kwamba Polisi wa Chicago na Polisi wa Jimbo la Illinois hawatambui masomo ya chuo hicho, kwa kuwa ithibati yake haikuwa ya aina wanayoitaka. Mwaka 2015 chuo kikakubali kufuta mikopo ya dola milioni 15, na mwaka uliofuata kikafunga milango. Agosti 2022 serikali kuu nayo ikafuta dola bilioni 1.5 walizokuwa wakidaiwa watu wapatao 79,000 waliosoma hapo katika fani mbalimbali.

Kisa hiki husimuliwa kama utapeli, na utapeli ulikuwapo. Lakini ulipata pa kujificha kwa sababu hata washauri waaminifu hupiga hesabu ileile: deni huku, mshahara wa wahitimu kule, kisha wanatazama kipi kimezidi. Kwa uuguzi hesabu hiyo inafaa, maana asiyesomea hapati leseni. Kwa haki jinai inapotosha, kwa kuwa anayepanga thamani ya shahada hii ni mwajiri, na mwajiri anaweza kuipangua.

Tutazame takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023. Mshahara wa katikati wa polisi na wapelelezi ulikuwa karibu dola 75,000 kwa mwaka, wa maofisa wa probesheni karibu 62,000, wa askari magereza karibu 53,000. Ofisa wa probesheni kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya kwanza. Polisi, katika idara nyingi, huanza na cheti cha sekondari au na masomo machache ya chuo. Aliyelazimika kusoma zaidi ndiye anayelipwa kidogo! Hata FBI, ambayo hudai shahada kwa wapelelezi wake, haidai iwe ya haki jinai; mhasibu anakaribishwa, na mjuzi wa kompyuta vilevile.

Pamewahi kuwa na mahali ambapo shahada hii ililipa waziwazi. Massachusetts ilipitisha mwaka 1970 sheria iliyojulikana kama Quinn Bill: katika miji iliyoikubali, polisi mwenye stashahada aliongezewa asilimia 10 ya mshahara, mwenye shahada ya kwanza asilimia 20, mwenye uzamili asilimia 25. Kama ilivyotarajiwa, vyuo vikachipuka vya kuwapa askari vyeti kwa jasho kidogo, hadi masharti yakakazwa mwaka 2003. Mwaka 2009 jimbo likaanza kujitoa katika kuchangia nyongeza hizo, na walioajiriwa baadaye wakakosa haki ya kuzipata chini ya sheria hiyo. Shahada haikubadilika hata ukurasa mmoja. Kilichobadilika ni bajeti.

Sasa tumchukue mwanafunzi mmoja. Anayehesabiwa kuwa bado tegemezi kwa wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini hadi dola 31,000 kwa shahada ya kwanza. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 10 ya kulipa, kila mwezi zinamtoka dola 352, na mpaka anamaliza amelipa zaidi ya 42,000. Askari magereza wa mshahara wa katikati hupata kama dola 4,400 kwa mwezi kabla ya kodi. Inalipika, nakubali. Ila huyo wa katikati ana miaka kazini. Mgeni huanzia chini yake, na kazi yenyewe angeweza kuipata bila shahada.

Watetezi watasema jamii inahitaji polisi waliosoma. Hoja hii naiunga mkono, na ndiyo maana nauliza kwa nini bili apelekewe kijana peke yake. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kuwasomesha watumishi wa vyombo vya haki, na mkopo ulifutwa robo kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka minne, deni kwisha. Leo kuna mpango wa msamaha wa mwaka 2007, unaotaka malipo 120 huku mkopaji akiwa mtumishi wa umma. Katika miaka ya mwanzo maombi yapatayo 99 katika kila 100 yalikataliwa. Tena askari wa gereza linaloendeshwa na kampuni ya faida hahesabiki, ingawa funguo alizoshika na wafungwa anaowalinda ni sawa na wa mwenzake wa serikali.

Kwa hiyo ningemshauri mwombaji aanzie mwisho. Kabla ya kujaza fomu ya chuo, aende kwenye idara anayotaka kuajiriwa aulize: mnatambua ithibati ya chuo hiki? Mkataba wenu unaongeza nini kwa shahada, na unaisha lini? Je, mnawasomesha walio kazini? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, sioni sababu ya kukopa kwanza.

Na aulize jambo moja zaidi, ambalo vipeperushi vya vyuo havina haja ya kuligusa. Idara nyingi za polisi humchunguza mwombaji kabla ya kumwajiri: jirani zake, ajira zake za nyuma, na taarifa zake za mikopo. Mpelelezi anapofungua faili akakuta mkopo wa masomo ambao haujalipwa kwa miezi kadhaa, huandika kwamba mwombaji huyu ana udhaifu wa fedha, huenda akashawishika kwa rushwa. Mkopo huo ni ule uliochukuliwa ili kuipata kazi hiyo.