Kazi Isiyoingia Daftarini

Mwanamume wa Meru au Embu aliyekwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya walowezi nchini Kenya miaka ya 1920 alivaa kipande shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Ndani ya kijikebe cha bati mlikuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Shambani alipewa tiketi ya siku 30: siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, siku aliyougua ikapita bure. "Mwezi" wa kibarua basi ungeweza kumaliza wiki sita. Ulikuwa upimaji makini, wa kumfaa mwajiri. Mkewe aliyebaki akilima hakuwa na kipande wala tiketi.

Katikati ya miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa kwa majaribio. Kazi ikazidi, lakini ilikuwa ya nyumbani: baba, mama na watoto wakichuma buni zao wenyewe. Kipande kilifutwa baada ya sheria ya 1947. Mazoea ya kuhesabu watu langoni mwa mwajiri yakabaki.

Fuata jani la chai uone. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA) iliundwa 1964, na wakulima wadogo wa miinuko ya Meru na Embu wakaingia katika zao hilo. Mama anayechuma chai yake alfajiri hayumo katika hesabu ya ajira ya kila mwaka. Jani likifika kiwandani, anayelikausha anaandikwa mfanyakazi wa viwanda. Jani ni lile lile!

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliifanya serikali itazame sekta isiyo rasmi, na leo sekta hiyo, jua kali, ndiyo zaidi ya ajira nane katika kila kumi zinazohesabiwa katika takwimu rasmi. Lakini soma maelezo ya jedwali la ajira: wakulima wadogo na wafugaji wameachwa nje. Utafiti wa nguvukazi wa 1998/99 uliingia majumbani na kuuliza hata kuhusu kazi ya familia isiyo na malipo. Ndiyo njia ya haki, ila ni ghali.

Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Huko Igembe, Meru, wachumaji wa zao hilo walikosa kazi, na jedwali la ajira halikuwa na safu ya kuwaandika.