Akili ya mlembe

Mlembe (Indicator indicator) ni ndege wa Afrika kusini mwa Sahara anayewaongoza watu hadi kwenye viota vya nyuki mwitu. Hulia kwa sauti ya kuhimiza na kurukaruka kutoka mti hadi mti. Watu hufukiza nyuki na kutoa asali. Mlembe hubakiwa na nta na mabuu. Kumeng'enya nta ni uwezo walio nao wanyama wachache. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala katika karne ya 16, aliwaona milembe wakidonoa mishumaa ya nta kanisani.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba mlembe hujifunza lugha ya wenyeji. Wahadza wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, kwa mlio wa “brrr-hm”. Majaribio ya Niassa yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa mlio huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kuwa milembe wa Uhadzani huitikia mluzi wa hapo zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao.

Elimu hiyo haitoki kwa wazazi. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem, na kinda lake huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali ya mdomo. Yaelekea mlembe hujifunza ukubwani, kwa kuwasikiliza warina asali.