Anaangukaje?

Mwenye mgonjwa anapofika zahanati, iwe Majimoto mkoani Katavi au Mahenge mkoani Morogoro, maelezo yake mara nyingi ni neno moja: "Anaanguka." Kitabu cha MTUHA kinataka jina la ugonjwa. Kati ya neno hilo na jina hilo kuna swali moja: anaangukaje?

Mahenge, swali hilo lina historia. Mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Hakutosheka kuandika "kifafa". Aliandika pia habari za watoto ambao vichwa vyao viliinama mara kwa mara, hali ambayo wenyeji waliieleza kwa kusema "amesinzia kichwa". Miongo ilipita. Watoto wa namna hiyo walipoanza kuripotiwa kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, watafiti walirudi kwenye maandishi ya Mahenge. Wenyeji walikuwa wameshaiona dalili, na mtu mmoja alikuwa ameiandika walivyoisema.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na Daktari Rwiza walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki hiyo baada ya miaka 30. Wagonjwa 110 walikuwa wamefariki, zaidi ya nusu yao kwa sababu zinazohusiana na kifafa, zikiwemo kuzama majini na kuungua moto.

Hapo ndipo uandishi unapogusa uhai. Mtoto aliyeangukia jikoni anaweza kuandikwa "kuungua" tu. Kidonda kitafungwa, naye atarudi kwenye mafiga yaleyale, bila fenobabitoni ambayo ingemkinga asianguke tena.

Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, kifafa ni G40. Ipo pia R29.6, ya mtu mwenye kuangukaanguka ambaye hali yake haikupata nafasi kwingine. Msimbo huo wa pili una kazi yake: mzee anayepepesuka hana kifafa, na kumbandika jina hilo ni kumwonea. Lakini R29.6 haitaji chanzo. Anayeiandika ameacha mlango wazi, na lazima mtu aupitie: aulize alianguka lini, alikakamaa au aliteleza, alizimia, nani alimwona. Msimbo huhesabu wagonjwa. Kitenzi cha aliyeshuhudia ndicho kinachomwonyesha mgonjwa mwenyewe, nacho kistahili mstari wake daftarini.