Ukompailishaji wa Papo Hapo katika Hifadhidata za Afya: Historia Fupi kwa Mtazamo wa Shinyanga na Geita

Vumbi la miamba katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama huwaweka wachimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Takwimu za vituo vya afya vya ukanda huo, kama za Tanzania nzima, huingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mfumo huo huhifadhi data katika hifadhidata ya PostgreSQL. Kwa hiyo, muda anaosubiri mratibu wa kifua kikuu wa wilaya kupata jibu unafungamana na historia ya hifadhidata hiyo.

Kimsingi, ulizo hutekelezwa kwa njia mbili: kufasiriwa hatua kwa hatua, au kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine kabla ya data kuguswa. Njia ya pili si ngeni, kwani System R ya IBM iliitumia katika miaka ya 1970. Baadaye mifumo mingi ilirejea kwenye ufasiri, uliohamishika kwa urahisi kati ya aina za mashine. Mwaka 2011, Thomas Neumann wa Munich aliifufua hoja ya ukompailishaji. PostgreSQL iliupokea katika toleo la 11 mwaka 2018. Katika toleo la 12, mwaka 2019, ukawa umewashwa tangu awali.

Hata hivyo, PostgreSQL huamua kukompaili kwa kukadiria gharama ya kutekeleza ulizo. Gharama ya ukompailishaji wenyewe haimo katika hesabu. Maulizo ya DHIS2 yanayokokotoa viashiria kutokana na kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja yana vipengele vidogo vingi, na kila kimoja hudai msimbo wake. Maandalizi yakazidi kazi. Mwongozo wa DHIS2 ukaagiza ukompailishaji uzimwe kuanzia toleo la 12, ukieleza kuwa majibu yanaweza kuharakishwa hata mara 100.

Historia hii inadhihirisha kuwa kasi si sifa ya mbinu peke yake, bali ni uhusiano kati ya mbinu na swali linaloulizwa. Wachimbaji wadogo huhama kufuata dhahabu; anayewafuatilia hulazimika kuhoji takwimu mara kwa mara. Mpangilio mmoja wa seva usiozimwa waweza kumfanya asubiri, au aache kabisa kuuliza. Hivyo basi, uamuzi unaoonekana kuwa wa fundi pekee ni sehemu ya usimamizi wa afya.